Mkalimani Aliyekosa la Kusema

Katika mahakama ile ya wilaya, hakuna mtu aliyewahi kukiri makosa mengi kama mkalimani. Ameiba mbuzi, baiskeli, nyaya za umeme na, mara moja, lango zima la shule. Amempiga wifi yake kwa mwiko. Ameuza kiwanja kimoja kwa watu watatu, na wakili alipomuuliza sababu, alijibu kwa Kiingereza kisichotetereka kwamba wote watatu walikuja na sura za watu waaminifu na yeye hakupenda kumvunja moyo hata mmoja.

Yote hayo aliyasema kwa niaba ya wengine, na yote aliyasema kwa "mimi", maana ndivyo kazi inavyotaka. Shahidi akisema "mimi niliona", mkalimani naye husema "mimi niliona". Hasemi "huyu bwana anadai aliona". Na ikitokea kwamba ana neno lake mwenyewe, labda hakusikia vizuri au koo limemkauka, basi hujitaja kama mtu anayeishi mtaa wa mbali: "Mkalimani anamwomba shahidi arudie. Mkalimani anaomba maji." Ndani ya chumba kile, "mimi" ni mtu yeyote isipokuwa yeye.

Makarani walimbandika jina Mama Nakiri. Halikumwudhi wala halikumfurahisha, au kama lilimwudhi, hakuna aliyejua. Ni mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sweta la kijivu ambalo limeona mahakimu wanne wakija na kuondoka. Husimama kando ya kizimba, mikono mgongoni, macho ameyaelekeza kwenye swichi ya taa ukutani, ili uso wake usije ukaegemea upande wowote. Nyumbani huwa hivyo hivyo, ila swichi ni nyingine.

Mwaka jana aliomba kusomea shahada ya uzamili ya ukalimani katika chuo kikuu cha ng'ambo. Ni kozi inayofundisha ukalimani wa mikutano mikubwa, ule wa kukaa ndani ya kibanda cha vioo na hedifoni masikioni, ukisema huku mzungumzaji naye anasema. Chuo kilimjibu kwamba kimempa nafasi, kwa sharti moja: afanye mtihani wa kuthibitisha kwamba anajua Kiingereza.

Habari hiyo ilifika masjala kabla ya chai.

"Wewe?" karani wa masjala aliuliza, kikombe kikiwa hewani. "Wewe ufanyiwe mtihani wa Kiingereza? Huko si kumfanyia samaki usaili wa kuogelea?"

"Wana haki ya kuogopa," alisema mwendesha mashtaka. "Mtu mwenye rekodi ya makosa kama yake, nami ningetaka uthibitisho wa kila kitu."

"Mama Nakiri, waambie umekuwa ukisema Kiingereza mbele ya hakimu tangu hao wanafunzi wao hawajaota meno!"

Aliwaandikia, si kwa maneno hayo. Jibu lilikuja siku ya pili, la adabu na lenye vifungu. Mwombaji anayetoka nje husamehewa mtihani ikiwa shahada yake ya kwanza ilifundishwa yote kwa Kiingereza. Ya kwake haikufundishwa yote. Alisomea ukalimani, nusu kwa Kiingereza na nusu kwa Kiswahili, kama inavyompasa mtu anayejifunza kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine. Kwa hesabu ya chuo, alikuwa na nusu. Kama asingalijifunza lugha ya pili, angalikuwa amekamilika.

Alikumbuka kwamba mtihani huo aliwahi kuufanya, zamani, kabla hajaajiriwa mahakamani, na aliufaulu vizuri sehemu zote. Chuo kilimjibu tena, kwa adabu ile ile, kwamba cheti cha mtihani huo huisha nguvu baada ya miaka miwili.

"Kwa hiyo Kiingereza kinachacha?" aliuliza mumewe, ambaye ni fundi wa friji, ana karakana yake mbele ya nyumba, na humwita kwa pacha wao walio shule ya bweni. "Kama maziwa? Ungeniambia mapema, Mama Pacha, ningekitafutia mahali pa baridi."

Lililomkereketa fundi zaidi ni habari ya mdogo wake mwenyewe. Kijana huyo, ambaye kwa mkalimani ni shemeji, alisomea uhasibu katika chuo kinachofundisha kila kitu kwa Kiingereza, naye pia alikuwa amepata nafasi ng'ambo, chuo kingine. Alisamehewa mtihani kwa barua pepe ya mstari mmoja. Ni shemeji huyo huyo ambaye mtu akimpigia simu kwa Kiingereza husema "yes" mara mbili, kisha humkabidhi simu aliye karibu na kwenda chooni.

Si kwamba vyuo havina hoja. Mwanafunzi anayeketi mbele ya mhadhiri na kuambulia neno moja katika kumi atateseka, na wenzake wa kundi watateseka naye, na vyeti vya nyumbani havisemi kila mara kile mtu anachoweza. Mtihani mmoja kwa wote unaonekana kuwa haki. Ila kanuni hupimwa kwa kesi zake za pembeni, kama mahakimu wanavyopenda kusema, na kesi ya pembeni ilikuwa imeketi jikoni na sweta la kijivu, ikimenya viazi.

"Utafanya?" mumewe aliuliza.

"Wapo wanaoona ni vyema kufanya."

Akafanya.

Kituo cha mtihani kilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la ofisi. Wasimamizi waliwapiga watahiniwa picha, wakachukua alama za vidole, wakazibandua karatasi za chupa za maji, isije ikawa mtu ameandika msamiati humo. Sehemu ya kusikiliza aliimaliza akiwa ametulia kuliko msimamizi. Kusoma hakukumpa taabu. Katika kuandika aliombwa aeleze mchoro wa matumizi ya maji, akaueleza bila kuyatetea maji wala kuyalaumu.

Ikabaki kuzungumza. Chumba kilikuwa kidogo: meza, kinasa sauti, mtahini mwenye skafu na sauti ya upole, na kiti kimoja cha ziada kilichosukumwa ukutani, upande wa kushoto. Maswali ya kwanza yalikwenda vizuri. Anaishi wapi? Anafanya kazi gani? Kisha mtahini akaweka kadi mezani na kumwomba, kwa Kiingereza cha pole pole, aeleze kwa dakika mbili juu ya mtu anayemheshimu.

Swali liliingia kwa Kiingereza, na mwili ukafanya ulichozoea. Mikono ilikwenda mgongoni. Mabega yaligeuka kushoto. Kwa Kiswahili safi, kinachosikika hadi benchi la nyuma, akakiambia kile kiti kitupu:

"Tafadhali, ieleze mahakama juu ya mtu unayemheshimu, na sababu za kumheshimu."

Akasubiri jibu. Mtahini naye akasubiri. Kinasa sauti kiliendelea kuwasha taa yake nyekundu.

"Shahidi hajajibu," mkalimani alimwarifu mtahini kwa Kiingereza.

Alipogundua alichofanya, damu ilimpanda usoni, na sehemu iliyobaki aliipita kama mtu anayevuka chumba chenye sakafu mbichi. Aliulizwa ikiwa ni bora kulea watoto mjini au shamba. Alisema kuna wanaopendelea mjini kwa ajili ya shule, na kuna wanaopendelea shamba kwa ajili ya hewa.

"Na wewe mwenyewe?" mtahini aliuliza.

"Mkalimani hana maoni."

Matokeo yalipotoka, sehemu tatu zilikuwa karibu na kilele cha alama, na ya kuzungumza ilikuwa chini ya kiwango. Chuo kilitaka kiwango kifikiwe katika kila sehemu. Kulikuwa na nafasi ya kurudia mara moja tu kabla udahili haujafungwa. Akishindwa tena, nafasi itakwenda kwa anayefuata, na kozi yenyewe hufunguliwa mwaka mmoja na kuruka mwaka mwingine. Kwa umri wake, na kwa sheria za likizo ya masomo kazini, hakungekuwa na mwaka mwingine.

Kwa nini aliitaka kozi ile kiasi hicho? Ungemuuliza wakati huo, angekujibu kwamba ni kozi inayosifiwa.

Pale masjala aliwaambia tu kwamba hakufaulu. Karani, ambaye utani wake hauna breki, safari hii alimmiminia chai tu.

Aliyeamua kuingilia kati ni fundi. Alipakua maswali ya mazoezi kwenye simu, akafunga karakana mchana kweupe, jambo ambalo wateja walidhani ni msiba, akamketisha mkewe kwenye meza ya chakula.

"Mama Pacha, tuanze na rahisi. Eleza chakula unachokipenda."

"Watu wengi hupenda wali."

"Sikuuliza watu wengi. Wewe."

"Wali una wapenzi wake."

"Mke wangu, nimekula wali wako tangu simu za kuzungusha kwa kidole. Unaupenda au huupendi?"

"Inategemea mlaji."

Fundi aliweka simu chini. Alimtazama kwa jicho analolitazamia friji la mteja, bila hasira na bila huruma.

"Friji likinguruma," alisema, "na taa yake ikiwaka, na ndani hakupoi, basi umeme upo. Kuna mahali gesi imeziba. Wewe Kiingereza unacho. Kilichoziba ni kingine." Akafikiri kidogo. "Haya, acha maswali ya kwenye simu. Lile kabati la vyombo la marehemu mama yako. Siku nilipoling'oa milango ya vioo nikalifanya rafu ya kompresa kule karakana. Uliona vipi?"

Macho ya mkalimani yalikwenda kwenye swichi ya taa. "Nilisema wakati ule."

"Ulisema, 'Wapo watakaoona ni jambo la maana.' Nami nikajihesabu miongoni mwao, nikaendelea na bisibisi."

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Alianza taratibu, na alianza kwa Kiingereza, kwa sababu yalikuwa mazoezi, na pia kwa sababu hiyo ndiyo lugha ambayo kwa miaka mingi ametumia kusema mambo mazito bila sauti kutetemeka. Sasa ilitetemeka. Fundi, ambaye Kiingereza chake ni kile cha nyuma ya friji, yaani hatari, usilaze, usifungue, aliambulia "mama", akaambulia "vioo", na mara nyingi sana akaambulia "wewe". Alikuwa akiitikia kwa kichwa kama anayesomewa hukumu ya mtu mwingine, ndipo mdogo wake alipobisha hodi, amekuja kuazima begi la safari.

"Umefika kwa wakati wake!" fundi alimwambia. "Wewe si ndiye uliyesamehewa mtihani? Keti hapo katikati. Nitafsirie, shemeji yako ananiambia nini."

Mhasibu alisikiliza. Akakohoa.

"Kaka, shemeji anasema kwamba... hakufurahi sana kuhusu kabati."

"Mkalimani husema 'mimi'," mkalimani alimwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya mwalimu. "Hasemi 'shemeji anasema'. Na hilo la 'sana' sikulisema."

"Lakini shemeji, nikisema 'mimi', itakuwa kama mimi ndiye ninayemgombeza kaka yangu."

"Ndiyo kazi yenyewe."

Akaendelea, sentensi moja moja, na kijana akimfuata nyuma, jasho likimtoka kwenye paji la uso.

"Mimi... nilikuwa nasafisha vioo vya lile kabati kila wiki, nikiwa mtoto. Mama alikuwa anasimama nyuma yangu. Mimi nilikuwa namwona humo kwenye kioo, kuliko... zaidi ya nilivyomwona nikigeuka. Na wewe ukaingia na bisibisi bila kuniuliza mimi. Yaani yeye. Yaani mimi. Ukajaza humo..." Alimgeukia mkalimani. "Shemeji, hilo neno silijui."

"Takataka," alimsaidia.

"Ukajaza humo takataka."

"Kompresa si takataka!" fundi alisema, ameumia.

"Kaka, usinijibu mimi. Mjibu yeye."

"Si wewe ndiye uliyesema 'mimi'?"

"Na mimi wali siupendi," mhasibu aliendelea, maana kule upande wa pili maneno hayakuwa yamesimama. "Sijawahi kuupenda. Unanikaa kifuani. Nimeupika kwa sababu nyumba nzima mnaupenda, na hakuna aliyewahi kuniuliza." Akawaza, akaongeza kwa sauti yake mwenyewe, "Kumbe! Hata mimi nilikuwa sijui."

Fundi alimgeukia mkewe. Kisha akasema, bila kupitia kwa mdogo wake, kwamba alidhani mkewe halijali lile kabati, kwamba kimya chake alikichukua kuwa ruhusa, na kwamba hapo amekosea. Milango ya vioo aliiuza zamani. Hana njia ya kuirudisha.

"Pole, Mama Pacha."

"Nimepoa. Hilo nimelielewa bila mkalimani."

"Na zile dakika mbili za mtihani," alisema akiitazama simu, "zilikwisha kabla huyu hajabisha hodi."

Mhasibu aliondoka na begi, na inasemekana wiki ile ile alianza kujifunza Kiingereza cha kuzungumza, kwa siri, kwa hofu ya kuitwa tena.

Siku ya kurudia mtihani, mtahini alikuwa mwanamume mwenye mafua. Chumba ni kile kile, na kiti cha ziada kilikuwepo ukutani. Kabla ya kuketi, mkalimani alisema: "Mimi naomba kile kiti kitolewe nje." Mtahini hakuwa amewahi kupata ombi la namna hiyo, lakini hakuna kifungu kinachokataza, na kiti kikatolewa.

Kadi ilisema: eleza mnyama au ndege anayepatikana mahali unapoishi.

Hapo kulikuwa na hatari. Ingekuwa rahisi kusema kwamba wapo wanaofuga mbuzi na wapo wanaofuga paka. Mikono yake ilianza safari ya kwenda mgongoni. Akaikamata njiani, akaishikiza kwenye meza.

"Mimi siwapendi kuku," alisema.

Na akaeleza. Kuku wa jirani huingia karakana, jikoni na hata chumbani, kwa kujiamini ambako yeye, mwenye nyumba, hana. Jogoo wao huwika saa yoyote inayompendeza, halafu watu husema anajua wakati. Kuku ana jicho moja kila upande na hakuna hata moja linaloonyesha kwamba ameelewa alilotazama. Amewaona mashahidi wa namna hiyo, lakini angalau mashahidi huondoka jioni. Dakika mbili zilipokwisha mtahini aliinua mkono, kama kanuni inavyomtaka, na ilimbidi auinue mara ya pili.

"Je, watu waruhusiwe kufuga wanyama mijini?"

"Hapana."

"Kuna watu wangesema kwamba..."

"Wamekosea," alisema mkalimani, na akatoa sababu, zikafuatana kwa mpangilio mzuri, na mtahini akapenga kamasi taratibu ili asimkatize.

Matokeo yalitoka siku ya kazi. Alikuwa ameomba ruhusa, ameketi kwenye meza ya chakula na kompyuta ya kuazima. Fundi alisimama mlangoni na bisibisi mkononi. Mkewe alisoma sehemu tatu za kwanza, kisha ya nne, kisha akageuza kompyuta ili naye aone. Alama ya kuzungumza ilikuwa juu ya kiwango, tena kwa nafasi ya kutosha.

Fundi alipiga kelele iliyowatoa majirani nje. Alimpigia mdogo wake, akampigia mtu aliyemwachia friji la maziwa, akawapigia pacha wao shuleni kwao hadi mwalimu wa zamu akapokea na kupongezwa. Aliporudi ndani alimkuta mkewe ameketi vile vile.

"Vipi? Hufurahi?"

Wakati mwingine wowote angeambiwa kwamba wapo wanaofurahi.

"Naogopa," alisema.

"Unaogopa nini tena? Si umefaulu?"

"Ndiyo maana. Nisingefaulu, nisingekuwa na la kuogopa. Nitakwenda kukaa katika chumba ambacho hakuna anayenijua, niwe mwanafunzi na magoti yanauma, na watoto wadogo waniite bibi kwa Kiingereza." Alifunga kompyuta. "Na nataka kwenda. Nimechoka kuomba radhi kwa mambo ambayo sikuyafanya. Nataka kusema maneno ya watu ambao hawajashikwa na polisi, angalau kidogo, kabla sijazeeka. Sikuwahi kukuambia kwa sababu sikuwahi kujiambia."

Fundi alivuta kiti, akaketi karibu naye.

"Sasa unataka mimi nifanye nini?"

"Unisindikize mpaka uwanja wa ndege. Uwaangalie watoto wakifunga shule. Na usilie mbele ya mdogo wako."

"Mawili ya kwanza nimekubali," alisema fundi. La tatu lilikuwa limekwisha kumshinda hapo hapo, na akachomoa kitambaa mfukoni mwa ovaroli, kile anachofutia mabomba, akajipangusa uso.

Mkewe alimwambia akitupe kitambaa hicho. Kinanuka mafuta, alisema, kimekuwa kikinuka tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, na kwa maoni yake, ambayo alikuwa tayari kuyaeleza kwa kirefu na kwa lugha yoyote, ovaroli nayo inafaa ifuatane nacho.